Vita, mafuta na mauzo ya magari: majibu ya maswali yenu

Vita vikitikisa nchi za mafuta, mara nyingi wakadiriaji wa mauzo ya magari duniani hushusha hesabu zao. Maswali yenu ya wiki hii yamelenga hapo.

Mafuta yakipanda, watu huacha kununua magari?

Wengine huacha, wengi huahirisha, na wanaonunua hubadili aina ya gari. Oktoba 1973, vita vya Waarabu na Israeli vilipozuka, nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta. Pipa lililokuwa kama dola 3 likakaribia dola 12 ndani ya miezi michache. Mwaka ule Wamarekani walinunua magari zaidi ya milioni 11. Mwaka uliofuata hayakufika milioni 9. Walioumia zaidi ni Detroit, mji wa kampuni kubwa za magari za Marekani, na magari yao mapana ya silinda nane. Vigari vya Kijapani kama Honda Civic vikapata wateja ambao zamani hawakuvitazama. Kwa hiyo mtu akiniambia "mauzo yatashuka", mimi humuuliza: ya magari gani?

Ukraine si nchi ya mafuta. Mbona 2022 makadirio yalishuka?

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Inua zulia la gari lako uone fungu nene la nyaya linalokwenda milangoni mpaka taa za nyuma. Sehemu kubwa ya kazi ya kulifunga ni ya mikono: fundi hulaza waya mmoja mmoja juu ya ubao, kisha anazungushia utepe. Viwanda vya magari vya Ulaya vilikuwa vikipata sehemu ya mafungu hayo kutoka magharibi mwa Ukraine. Urusi ilipovamia Februari 2022, Volkswagen na BMW zilisimamisha baadhi ya viwanda vyao, maana nyaya hutangulia, viti na dashibodi hufuata juu yake. Machi, S&P Global Mobility, kampuni inayokadiria soko la magari, ikapunguza magari milioni 2.6 katika makadirio yake ya uzalishaji wa mwaka huo. Mafuta nayo yalipanda, pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei duniani, likavuka dola 130. Lakini ukiangalia bei ya pipa peke yake, huwezi kujua ni nini kilichofunga kiwanda. Wanunuzi walikuwapo, magari ndiyo hayakuwapo.

Mlango wa Hormuz unahusikaje?

Ni mlango wa bahari kati ya Iran na Oman, na mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta ya dunia ilipita pale. Yakikwama, bei za bidhaa hupanda, benki kuu huweza kupandisha riba, na Ulaya na Marekani magari mengi hununuliwa kwa mkopo. Riba humkimbiza mnunuzi hata kabla ya petroli.

Nataka kuagiza gari la mtumba kutoka Japani hadi Dar. Nisubiri?

Meli yako haipiti Bahari ya Shamu, ila usidhani ya huko hayakuhusu. Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waliteka Galaxy Leader, meli ya kubebea magari, na kampuni nyingi zikaanza kukwepa bahari hiyo na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ikirefuka, meli moja hufanya mizunguko michache kwa mwaka, na nafasi ya kupakia huwa ghali. Tena Mjapani akichelewa kupata gari jipya, la zamani haliachii, na mnadani bei inapanda.

Kusubiri vita viishe sikushauri. Kaa na karatasi, andika lita unazotumia kwa mwezi, kisha zipigie hesabu kwa bei ya petroli iliyozidi ya leo kwa robo. Ikikushinda, shuka kutoka injini ya cc 2,000 hadi 1,300.