Maswali na Majibu: Leth yangu inatoa tepa, ni kweli bedi imekwisha?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana nipo Mingoyo, Lindi. Nimenunua leth (mashine ya kuchongea chuma kinachozunguka) used Dar, ya mita moja senta kwa senta, nimeiweka kwenye banda nyuma ya nyumba, nachonga shafti za mashine za kubangua korosho na mabushi ya bodaboda. Shida yangu shafti ya sentimita 30 inatoka na tepa, yani unene haulingani, upande wa chaki (meno yanayoshika chuma) milimita 24.98, mwisho kule 25.10. Mashine tumeifunga chini kwa bolti nne, tukakaza kwa spana na bomba isitikisike, na pima maji nimelaza kwa urefu wa bedi (mwili mrefu wa mashine), povu liko katikati kabisa. Fundi mmoja kasema bedi imekwisha, anataka laki nne na nusu aipige grenda na msasa. Mwingine anasema hedistoki (kichwa chenye chaki) imehama, aifungue airudishe. Nimsikilize nani? Halafu naweza kufunga endimil (kisu cha mashine ya miling) kwenye drili ya kusimama nichonge kiwei (mfereji wa kabari)? Mashine ya miling kwa sasa siiwezi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa huyo wa grenda asiingie bandani, hata akija kukusalimia tu muongelee nje. Wa pili naye mwambie umesafiri.

Yani hili la "bedi imekwisha" limenichosha. Haipiti muda mtu ananipigia, fundi leth yangu bedi imekwisha, nikimuuliza umejuaje ananiambia kuna mtu kaangalia. Kaangalia na nini? Kwa macho. Unywele wa kichwani kwako una kama mikroni sabini hivi (mikroni elfu ni milimita moja), halafu mtu kasimama mlangoni na sigara mdomoni anaona bedi imeliwa mikroni kadhaa, na papo hapo ana bei tayari mfukoni. Hajashika dayo geji (saa ya kupimia vipimo vidogo), hajafunga hata chuma kimoja kwenye chaki akachonga akapima.

Sasa sisemi bedi haziishi, zinaisha, na mahali zinapoishia panajulikana, ni karibu na chaki, maana kazi zetu nyingi ni fupi na kareji (ile inayobeba tuli, kisu cha kuchongea) inashinda hapo hapo miaka na miaka huku kule mwisho inaenda kutembea tu. Kupima ni bure. Kaza zile skrubu za gibu (kibati kinachobana kareji kwenye bedi) kareji ikiwa karibu na chaki mpaka isogee kwa uzito kidogo, afu izungushe kwa mkono taratibu kuelekea telistoki (kile kishikio cha mwisho wa chuma). Ikizidi kuwa nzito mpaka inagoma, basi kule chaki kumeliwa kweli. Ikitembea vilevile mpaka mwisho, bedi yako ni nzima kuliko unavyoambiwa.

Na hata ikiwa imeliwa, chukua karatasi tufanye hesabu hapa maana watu hawafanyi. Shafti yako ni 25, nusu kipenyo 12.5. Tuseme bedi imeliwa milimita 0.1 nzima, ambayo ni nyingi, na tuli ikashuka hiyo 0.1 chini ya senta. Ni ile Pitagora ya sekondari tu, 12.5 mara 12.5, jumlisha 0.1 mara 0.1, tafuta kipeuo cha pili, unapata 12.5004. Kipenyo kimeongezeka 0.0008. Hata maikromita yako haiioni hiyo! Tuli kushuka wima inabadilisha saizi kidogo mno, labda uwe unachonga pini nyembamba kama njiti. (Bedi ya V, yani yenye mgongo wa pembe, ikiliwa ubavu mmoja inasukuma tuli pembeni na hapo inaanza kuhesabika, sawa, ila ndo maana nimesema upime kwanza.)

Sasa geuza hesabu. Bedi haijaliwa hata chembe, ila imejinyonga, yani upande wa mbele na wa nyuma haviko sawa kule mwisho, kama kanga unavyoikamua, mkono huu unaenda huku na ule kule. Chukua bedi yenye upana wa milimita 200 na kimo cha senta 150, yani kutoka bedi mpaka katikati ya chaki. Upande mmoja ukiwa juu kwa 0.1 tu pale tuli ilipo, tuli inaegama pembeni 0.075, na kwenye kipenyo inakuwa mara mbili, 0.15. Umeona? Ile ile 0.1, mara ya kwanza haikufanya kitu, mara hii inakuharibia shafti ya mteja. Na mtu kakuambia ulipe laki nne na nusu kwa ile ya kwanza.

Leth yako yaelekea mliinyonga wenyewe siku ya kuifunga. Sakafu ya banda la nyumbani haiwezi kuwa sawa kwenye miguu yote minne, mguu mmoja ulikuwa unaelea labda nusu milimita hamkuona, mkaweka spana, mkaingiza bomba, mkavuta mpaka ukashuka. Chuma cha kasti kinaonekana kigumu ila kwa nguvu hiyo kinafuata bolti. Na pima maji umeilaza kwa urefu. Kwa urefu haikuambii lolote kuhusu kunyonga, ungeilaza kwa upana, hapa chaki na kule mwisho, ulinganishe. Na hata kwa upana pima maji ya mwashi inaanza kuona kwenye nusu milimita kwa mita, wakati levo ya mashine inaona 0.02 kwa mita, kwahiyo povu kukaa katikati lisikupe usingizi.

Tena neno lenyewe "levo" linapotosha watu. Leth haijali kulala sawa na maji. Meli kubwa zinazoingia hapa bandarini Mtwara nyingi zina leth kule chini injini rum, ile meli baharini inalala kushoto inalala kulia siku nzima, mbona wanachonga na kazi inatoka? Kinachotakiwa bedi isijinyonge, basi. Levo ni njia tu ya kujua haijajinyonga.

Haya fanya hivi. Legeza bolti zote nne kabisa, iache ilale yenyewe usiku mzima. Asubuhi gusa kila mguu kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya) ujue upi unaelea, ujaze nafasi hiyo kwa kibati cha saizi yake, halafu kaza kwa mkono wa kawaida wa spana, bomba irudishe kwa majirani. Usiingize mbao wala kipande cha tairi.

Kisha tafuta chuma kinene, 40 hivi, kifunge kwenye chaki kitokeze sentimita 15, BILA telistoki. Katikati kipunguze ubakize kola mbili, yani sehemu mbili nene, moja karibu na chaki moja mwishoni. Tuli iwe kali, pitisha kola zote mbili kwa kina kile kile bila kugusa mkono wa kuingiza tuli, na uwe unakula kidogo sana, 0.05 au 0.1. Pima kwa maikromita. Kwa nini kinene na kifupi? Kwa sababu chuma cha 25 kikitokeza sentimita 30 peke yake ukikisukuma kwa kilo kumi tu pale mwisho kinapinda kama milimita 0.23, kinaikimbia tuli. Hujaniambia kama ulikuwa umeweka telistoki au hukuweka, na kama hukuweka basi hiyo tepa yako ya 0.12 inaweza kuwa chuma kinapinda tu, hakuna cha bedi wala hedistoki, na mimi hapa natoa mate bure.

Kola ya mwisho ikiwa kubwa kuliko ya chaki, nyanyua mguu wa mbele, ule upande unaosimama wewe, kule mwisho wa telistoki. Ikiwa ndogo, nyanyua wa nyuma. Kidogo kidogo, kibati kimoja, kaza, chonga tena, pima tena. Ukuta wa kopo la soda una unene wa karibu 0.1, wa kujaribia unatosha, ukishapata saizi weka cha chuma maana ule wa kopo ni laini utakuja kubonyea. Hii kazi inakula siku nzima na inachosha kiuno, mafundi wengi hawaipendi kwa sababu haionekani, mteja anaona umeshinda umeinama na vibati, anauliza nakulipa nini.

Kola zikishalingana ndo unaleta telistoki, chonga kati ya senta, pima tena. Tepa ikirudi, mkosaji ni telistoki, na hiyo ni kazi ya dakika kumi, ina skrubu za pembeni. Mwisho ukiwa mkubwa kwa 0.12, ivute kuja kwako 0.06, nusu ya tofauti, uweke dayo geji uone imesogea ngapi, usikisie. Ukifanya kinyume, ukaanza na telistoki wakati bedi bado imejinyonga, utapata shafti nzuri ya urefu huo mmoja tu, siku ukichonga ya urefu mwingine tepa inarudi na utaanza kutafuta mchawi.

Kuhusu hedistoki. Mimi mwenyewe nikiwa kijana bosi wangu aliniambia hivyo hivyo, imehama, fungua. Nikafungua. Ile ilikuwa imekaa kwenye V zake za bedi tangu kiwandani, haikuwa na pa kuhamia, nikalegeza, nikaiinua, kukawa na uchafu kidogo umedondokea chini yake nikairudishia juu ya uchafu, nikakaza. Wiki tatu mashine haikuchonga kitu kinachoeleweka. Wiki tatu, kisa chembe ya chuma ndogo kuliko punje ya ulezi. Kuna leth ambazo hedistoki yake ina skrubu za kurekebisha, zipo, lakini hiyo ni kitu cha mwisho kabisa, ukishamaliza yote niliyosema na kola bado zinakataa.

Sasa grenda. Hapa naomba kila mwenye leth nyumbani anisikie, sio wewe tu. Bedi ikiwa imekwisha kweli inapelekwa kwenye mashine kubwa ya kusaga bedi, ndefu kuliko bedi yenyewe, au fundi anayejua anaikwangua kwa mkono, anapaka rangi ya bluu, analinganisha na rula ya kunyooshea, anakwangua palipoguswa, anapaka tena, wiki nzima. Grenda ya mkono inachimba mashimo. Nimeletewa kareji iliyotoka kwenye mashine ya namna hiyo, ukiipapasa chini na kidole unasikia mawimbi kama bati la nyumba. Na msasa ndo mbaya zaidi kwa sababu unaonekana hauna madhara, unang'arisha, mwenye mashine anafurahi. Zile chembe zinazama kwenye kasti na zinakaa chini ya kareji, kila ukienda mbele na kurudi unajisagia mashine mwenyewe, kwa mkono wako, huku umelipia.

Najua wengi mnapiga msasa kwa ajili ya kutu, huku pwani hewa ya bahari haina huruma, leth ikilala siku mbili bila oili inaamka nyekundu. Paka mafuta ya taa, acha yalowane, chukua wembe ulaze bapa, kwangua, futa na kitambaa. Rangi ya weusi ikibaki iache, haichongi. Na kila jioni oili, ufunike na kitambaa chenye oili, nailoni hapana, inatoa jasho.

Na kuna huyu anayekwambia mashine ya zamani haifai. Huku kusini kila mwenye leth ya Muingereza atakuapia ilikuja na ule mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kufa 1951, wakati nyingi zimeshuka kwenye lori kutoka Dar juzi. Lakini hata ingekuwa kweli, umri hauli bedi, kinachokula ni vumbi na ukavu. Afadhali ya zamani iliyopakwa oili kuliko ya juzi iliyopigwa grenda.

La endimil kwenye drili ya kusimama: hapana. Chaki ya drili imeshikwa na tepa yake tu (mkia wenye umbo la koni), msuguano mtupu, imetengenezwa kusukumwa kwenda juu. Endimil inasukuma pembeni na inatetema, dakika chache tu ile chaki inachomoka inazunguka mezani na kisu ndani yake, na watu wanasimama uso karibu kabisa wakiangalia. Beringi zenyewe pia hazikutengenezwa kwa nguvu ya pembeni. Na anayekufundisha hiyo mara nyingi ni yule yule wa grenda.

Una leth, itumie. Kiwei ya ndani ya puli, funga spindo (mhimili unaozungusha chaki) isizunguke, funga tuli iliyochongwa upana wa kiwei, sukuma kareji kwa mkono nenda rudi ukila 0.05 kila safari, taratibu lakini inatoka safi. Kiwei ya juu ya shafti, tafuta ile slaidi ya kusimama inayofungwa juu ya krosi slaidi (ile inayoingiza tuli kwenye chuma), shafti unaifunga pale na endimil inakaa kwenye spindo, ila ishikwe na koleti (kishikio kinachobana pande zote), kwenye chaki ya meno matatu itateleza ijivute yenyewe ndani ya kazi. Hela ya kuanzia slaidi na koleti unayo tayari, ni ile laki nne na nusu, anza nayo.

Ukishachonga kola mbili nitumie namba zote, ya chaki na ya mwisho, unene wa chuma na kimetokeza sentimita ngapi. Na upime tena baada ya siku tatu nne mashine ikiwa imeshafanya kazi, sakafu mpya huwa zinatulia kidogo na zile namba zinahama.