Jibu: Makumbusho ya mji mdogo, nusu siku si nyingi

Mkuu, umeuliza kama makumbusho ya mji mdogo yanastahili kutengewa nusu siku. Yanastahili kabisa, ila piga simu kwanza. Mengi huendeshwa na watu wanaojitolea na hufunguliwa siku chache tu kwa wiki. Ukifika, usikimbilie vitu vikubwa. Inamia zile picha za zamani za wanafunzi na wafanyakazi, usome majina yaliyoandikwa kwa penseli pembeni. Halafu ongea na mhifadhi, na hapa ndipo penye utamu wenyewe: vinavyoonyeshwa huwa sehemu ndogo tu. Stoo kuna madaftari, ramani na barua, na ukimtajia ukoo au mtaa unaoufuatilia anaweza kukutolea. Taa zikiwa hafifu usishangae, mwanga mwingi hufifisha picha na vitambaa vya kale.