Mwalimu aliyeambiwa ndoa yake imevunjika kwa sababu ya nyangumi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nafundisha baiolojia sekondari. Kwenye mada ya mageuko ya viumbe nilieleza kwamba nyangumi asili yake ni wanyama wa miguu minne waliokuwa wakiishi nchi kavu. Mwanafunzi akalipeleka neno hilo msikitini. Ijumaa, baada ya swala, ustadhi alisema kwenye kipaza sauti kuwa anayefundisha hivyo ametoka katika Uislamu, na mkewe si halali yake mpaka atamke shahada na kuoa upya. Akaongeza kuwa mifupa yenyewe ni ya kughushi, Wazungu wamejichorea mikia. Hii ni wiki ya tatu nalala sebuleni. Je, nimekufuru? Na kama nyangumi ni wa bara kwa asili, nyama yake itahitaji kuchinjwa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu, leo usiku rudi chumbani kwako. Ndoa yako iko palepale. Hakuna shahada ya kurudia, wala mahari mapya, wala kafara. Uislamu wako umethibiti kwa yakini, na yakini haiondolewi na shaka, seuze tangazo la kipaza sauti. Mkeo muombe radhi, kwani yeye ndiye aliyeadhibiwa wiki tatu bila kuulizwa neno.

Mtu hatolewi katika dini ila kwa kukanusha jambo linalojulikana kwa kila Muislamu kuwa ni la dini. Sasa ni aya gani, au hadithi gani, iliyoeleza nyangumi aliumbwa kwa hatua ngapi? Hakuna. Samaki aliyemmeza Nabii Yunus (a.s.) ametajwa kwa kazi aliyotumwa, hakutajwa kwa nasaba yake. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayemwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Kulitamka mbele ya safu za watu juu ya jambo lisilo na nassi, yaani andiko la Qur'ani au hadithi, ni kuuchezea moto.

Najua wanachokishika: "Mungu akisema kuwa, huwa." Ni kweli tupu. Lakini aya hiyo inaeleza kuwa amri yake haina wa kuizuia, haikutaja muda. Mbingu na ardhi aliziumba kwa siku sita. Mtoto anamuumba kutoka tone hadi pande la damu hadi pande la nyama, miezi tisa, na hatujamsikia ustadhi akimkufurisha mkunga kwa kuzihesabu hizo hatua. Hatua haimpunguzii Muumba chochote.

Kuhusu kughushi nitakaa kidogo, kwa sababu hapo dini inatumiwa kusingizia watu uongo, na Qur'ani imetukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo.

Tuanze na anachoweza kukiona mtu yeyote. Nenda Kizimkazi ukatazame pomboo, ambaye ni wa ukoo mmoja na nyangumi. Papa anaupiga mkia kushoto na kulia. Pomboo anaupiga juu na chini, mgongo ukipinda kama wa mbwa anapotimua mbio. Anavuta hewa kwa mapafu na ananyonyesha. Kijusi chake kinachipua vijiti viwili vya miguu ya nyuma, kisha vinanywea kabla hajazaliwa. Nyangumi mzima bado ana vijifupa vya nyonga vilivyozama ndani ya nyama, havigusani na uti wa mgongo.

Halafu chukua mbuzi wa Idi. Ukiukata mguu wa nyuma penye kifundo utatoka mfupa mdogo wa kuenea kiganjani. Upitishie kidole gumba: una mfereji wa mviringo juu na mwingine chini, kama roda mbili za jahazi zilizounganishwa. Ya juu inazungukia mfupa wa muundi, ya chini inazungukia mifupa ya wayo. Mbwa, paka, farasi na binadamu wana roda ya juu peke yake. Upande wa chini ni bapa au mviringo kama kichwa cha rungu. Roda mbili ni alama ya wenye kwato shufwa: mbuzi, ng'ombe, ngamia, nguruwe, kiboko.

Tangu 1966 wataalamu wengi walidhani nyangumi ametokana na jamii nyingine kabisa ya wala nyama iliyokwisha kutoweka, kwa kuwa meno yanafanana. Miaka ya 1990 waliochunguza jeni wakasema hapana, jamaa yake wa karibu aliye hai ni kiboko. Wachimbaji wa mifupa walikataa, na mmoja wa waliokataa ni Philip Gingerich wa Marekani. Septemba 2001 makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali Pakistan yakatangaza ndani ya wiki moja vifundo vya nyangumi wa kale. Vyote vina roda mbili. Kundi moja ni la huyo huyo Gingerich, akaiacha rai yake. Katika mahakama zetu iqrari, yaani kukiri kwa mtu dhidi ya nafsi yake, ni ushahidi wa aina gani? Na habari ikija kwa njia mbili zisizokutana, ya jeni na ya mifupa, watu wa hadithi huihesabuje?

Sikio nalo ni shahidi. Kibuyu cha mfupa kinachofunika sikio la kati la nyangumi na pomboo kina mdomo mwembamba upande wa nje, na wa ndani umevimba, mzito kama jiwe. Uvimbe huo umo kwa Pakicetus, mnyama wa ukubwa wa mbwa mwitu aliyetangazwa 1981 kutoka Pakistan, mwenye miguu minne kamili, wa miaka kama milioni 50 iliyopita. Umo pia kwa Indohyus wa Kashmir, kijinyama kidogo chenye kwato ambacho mifupa yake ya miguu ni minene, kama ya kiboko, ili kizame kikiingia majini.

Na suala la mkia? Hapo ustadhi ameshika kipande cha kweli. Rodhocetus, nyangumi mwingine wa kale, alipotangazwa 1994 alichorwa na mkia wa mapezi ilhali mifupa ya ncha ya mkia haikupatikana. Baadaye mikono na miguu ilipochimbuliwa, aliyemchora, ambaye ni Gingerich tena, aliacha kuudai mkia ule. Muhaddithi akigundua kosa katika isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, akalitangaza, tunamwita muaminifu. Huyu aitwe mghushi kwa sababu gani?

Tena si kazi ya Wazungu peke yao. Huko Fayum, Misri, kuna Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi, jangwa lenye mamia ya mifupa, lililoingizwa 2005 katika urithi wa dunia. Basilosaurus wa hapo ana urefu wa mita 15 hadi 18, na miguu ya nyuma isiyozidi ya mtoto mdogo, ina goti na vidole, haiwezi kumbeba. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mansoura walitangaza Phiomicetus kutoka huko huko Fayum, mita 3, kilo kama 600, aliyeweza bado kutembea na kuogelea. Mwenye kusema ni njama awaulize Wamisri.

Wala hakuna aliyesema mbwa alimzaa nyangumi, kichekesho kinachopendwa kwenye mihadhara. Wanachosema ni koo zilizobadilika kidogo kidogo kwa karibu miaka milioni 10, na wengi wa hawa niliowataja ni mfano wa binamu, si mababu wa moja kwa moja.

Nawe, mwalimu, usiende upande wa pili. Wapo wanaoisoma aya ya 45 ya Suratun Nur, kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kinyama kwa maji, wako waendao kwa matumbo, kwa miguu miwili na kwa minne, wakadai eti nyangumi wote hawa walikuwa wametajwa humo. Hiyo ni kuilazimisha aya. Imam Ghazali, akizungumzia kupatwa kwa jua, alionya kuwa dini inaumizwa zaidi na anayeitetea kwa njia isiyo yake kuliko anayeishambulia. Onyo hilo ni la ustadhi, na ni la hawa pia.

Darasani tenganisha mambo. Kwamba miguu ilinywea, hilo ni la mifupa, lifundishe. Mtu akiongeza kuwa yote yalijiendea bila mwenye kuyaendesha, hilo halikuchimbwa Fayum. Ni falsafa yake, waambie wanafunzi hivyo waziwazi. Suala la Adam (a.s.) lina nassi zake, usilipimie kwa mfupa wa nyangumi. Wakikuuliza, waambie ni mlango mwingine, wenye wanavyuoni wake.

Nyama haihitaji kuchinjwa. Hukumu inafuata mnyama anakoishi, haifuati mababu zake. Jeshi la Abu Ubayda (r.a.), watu 300 waliokuwa wameishiwa hadi tende moja kwa mtu kwa siku, walimkuta pwani nyangumi aliyekufa, wakamla siku nyingi. Ubavu wake uliposimamishwa ngamia alipita chini yake, na watu 13 walikaa katika tundu la jicho. Walipofika Madina Mtume (s.a.w.) alisema ni riziki ya Mwenyezi Mungu, akaomba waliyobakiza, akala. Swali lako lingekuwa gumu kwa wale wa zamani waliokuwa wakiishi bara na majini, maana sisi Mashafii hatuli mamba. Bahati njema hawauzwi sokoni.

Usipande mimbari kumjibu ustadhi, na usiwaachie wanafunzi wamkejeli. Mwendee nyumbani baada ya Alasiri, peke yako, umuombe alirekebishe neno lake mbele ya wale wale waliolisikia, kwa kuwa mkeo naye ana heshima yake mtaani. Akikataa, wasilisha kwa kadhi wa wilaya kwa maandishi. Hadi hapo endelea kuswali nyuma yake. Swala yako ni sahihi. Na ukienda, mchukulie ule mfupa wa mbuzi.

Wallahu aalam.