Nimekiri kumwibia mwajiri wangu, sasa nasubiri adhabu

SWALI: Ndugu Mshauri, nilikuwa karani wa malipo katika kampuni ambayo nisingependa kuitaja. Kwa muda mrefu niliandika malipo hewa kwa wazabuni wasiokuwapo, na fedha zikaingia katika akaunti yangu. Ukaguzi ulipofanyika nilikamatwa, nikashtakiwa, na mbele ya hakimu nimekiri kosa. Shauri limeahirishwa hadi siku ya kutolewa adhabu. Sijawahi kushtakiwa kabla ya hapo. Mke wangu anataka tuuze kila kitu tulipe. Shemeji yangu ananishauri nimweleze hakimu kwamba meneja alijua na alinyamaza, jambo ambalo si la kweli. Je, naweza kuepuka kifungo? Niseme nini siku hiyo?
Msomaji aliyeomba jina lihifadhiwe

JIBU: Ndugu yetu, hukututajia nchi unakoshtakiwa, kwa hiyo wakili wako ndiye atakayekupa jibu la mwisho. Hata hivyo, ni vyema ufahamu mapema kwamba sheria nyingi hazikuweki kapu moja na mwizi wa kawaida. Nchini Kenya, kwa mfano, adhabu ya juu ya wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ni kifungo cha miaka 3, ilhali mwajiriwa aliyemwibia mwajiri wake anaweza kufungwa hadi miaka 7 chini ya kifungu cha 281. Tofauti hiyo inatokana na dhamana uliyokabidhiwa. Hakimu ataangalia kiasi kilichochukuliwa, lakini ataangalia pia muda uliotumia na ufundi wa kuficha, na kwa bahati mbaya malipo hewa yaliyorudiwa mara kwa mara ni vigumu kuyaeleza kuwa tamaa ya siku moja.

Kinachokusaidia ni kwamba umekiri. Uingereza imeweka jambo hili katika mwongozo wa adhabu: anayekiri katika hatua ya kwanza hupunguziwa theluthi moja ya adhabu, na anayengoja hadi siku ya kwanza ya kusikilizwa kesi hupunguziwa sehemu moja ya kumi tu. Penginepo hakuna hesabu kali namna hiyo, ila mantiki ni ileile.

Ndiyo maana ushauri wa shemeji yako ni wa hatari kuliko anavyodhani. Ukisimama kuomba huruma kisha ukadai kwamba ulichukua fedha kwa idhini, unakana kosa ulilokwisha kulikiri. Hakimu makini anaweza kufuta ukiri wako, kesi ikaanza kusikilizwa kwa mashahidi, na nafuu uliyoitarajia ikapotea. Zaidi ya hayo, ungekuwa umemsingizia mtu asiye na hatia mbele ya mahakama. Usilifanye.

Kuhusu kulipa, mkeo ana hoja, lakini asiharakishe. Fedha zilizorejeshwa kabla ya siku ya adhabu zina uzito kuliko ahadi, hata zikiwa sehemu tu ya deni, mradi zipitie kwa wakili au mahakamani na zitolewe stakabadhi. Usiende mwenyewe kwa mwajiri au kwa wafanyakazi wenzako wa zamani, kwa sababu ziara ya nia njema inaweza kutafsiriwa kuwa ni kuvuruga mashahidi. Vilevile sishauri muuze nyumba wanamolala watoto au mkope kwa riba ya kuumiza: malipo hayanunui uhuru, na hakuna hakimu anayefungwa mikono na risiti.

Mahakama ikiagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ichukulie kwa uzito wote. Afisa huyo huzungumza na familia, majirani na mara nyingi mlalamikaji, na uongo mdogo kuhusu mapato au madeni hugunduliwa kwa urahisi. Mweleze fedha zilikwenda wapi. Kama zilimalizikia kwenye kamari, sema hivyo na uanze tiba sasa, si baada ya hukumu. Barua za watu wanaokufahamu zinafaa iwapo waandishi wanajua ulichokifanya. Barua inayokusifu kwa uaminifu, mwandishi akiwa hajui kosa lenyewe, ni afadhali ibaki nyumbani.

Siku yenyewe, mwache wakili azungumze, nawe ukipewa nafasi sema machache: ulichofanya, uliyemuumiza, ulichokwisha kurejesha. (Machozi mahakimu wameyaona mengi.) Kifungo cha nje si ndoto. Nchini Kenya, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu kazi za kijamii pale mahakama inapoona kwamba kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Lakini siwezi kukuahidi, na atakayekuahidi mkwepe. Panga mambo ya nyumbani kana kwamba hutarudi jioni hiyo: karo, dawa, nani atie saini nyaraka zipi, na watoto waelezwe na ninyi wenyewe kabla hawajaelezwa na jirani.

Ukiona adhabu imezidi, rufaa ipo, ingawa kwa aliyekiri kwa kawaida hubanwa kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kenya hutoa siku 14 kutoka mahakama ya hakimu. Kwingine muda ni tofauti, hivyo mwombe wakili akutajie ukomo huo kabla hamjaingia mahakamani.