Bakteria wa Mponeng si kimelea

Swali: Mwalimu, naandika makala kuhusu viumbe wasioonekana kwa macho wanaoishi kilomita kadhaa chini ya ardhi, ambao wanasayansi huwachunguza ili wajue pa kutafuta uhai kwenye Mirihi. Mhariri wangu amefuta "vijidudu" kila mahali akaweka "vimelea". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Si mhariri wako. Na heri umeuliza, maana neno hili limenikera miaka mingi. Siku hizi kila kisichoonekana kwa macho ni kimelea: cha kwenye mtindi kimelea, cha udongoni kimelea, cha kisimani kimelea!

Neno limetokana na -melea, yaani kuota juu ya kitu kingine. Kupe ni kimelea. Minyoo ya tumboni ni vimelea. Chawa naye, mtoe kichwani uone atadumu siku ngapi.

Sasa mtazame huyo unayemwandika. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini, maji yalitoka kwenye ufa wa mwamba yakiwa na joto la nyuzi 60 hivi. Watafiti waliyachuja, wakasoma vinasaba vilivyomo, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba zaidi ya asilimia 99.9 ni vya bakteria wa aina moja tu, Desulforudis audaxviator. Hana jirani wa kumnyonya. Jua halijui. Urani iliyomo mwambani hutoa mionzi, mionzi huyapasua maji, haidrojeni ikapatikana. Yeye huitumia pamoja na salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo majini, akapata nguvu. Kaboni na nitrojeni hujichukulia mwenyewe, protini hujitengenezea mwenyewe. Waliomgundua walimpa jina la Kilatini lenye maana ya msafiri jasiri, sisi tunamwita kimelea! Ni sawa na kumwita mdoezi mtu anayelima, anayetwanga na kupika peke yake.

Tena neno hilo linaiua makala yako. Wanaastrobiolojia, yaani wanasayansi wanaotafuta uhai nje ya Dunia, wanamtaka bakteria huyu kwa sababu hamtegemei yeyote. Uso wa Mirihi ni mkavu, una baridi kali, na mionzi ya angani huupiga. Lakini ikiwa chini kabisa kuna maji ndani ya mwamba wenye urani, haidrojeni yaweza kupatikana huko vilevile, bila jua. Ukiandika "vimelea vya Mirihi", msomaji atauliza papo hapo: vinamnyonya nani?

"Vijidudu" nalo silipendi, kwa kuwa bakteria si mdudu, hata mdogo. Lakini limeshazoeleka kuanzia zahanati hadi darasani, nami nimechoka kulipiga vita. Liache likupite. Mimi ningeandika "vijiumbe", na ukimfikia huyo wa Mponeng, "bakteria" yatosha. "Vimelea" mrudishie kupe.