Muulize Fundi: Petroli inaunguaje ndani ya kompyuta?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina gereji ndogo hapa Mbalizi. Mpwa wangu anasoma uhandisi, na likizo hii kaniambia eti siku hizi injini ya petroli inawashwa kwenye kompyuta kabla haijatengenezwa hata boliti moja, wakaona mafuta yanavyopulizwa na kuungua. Ananitania?
*Fundi, Mbalizi*

JIBU: Marahaba, fundi mwenzangu. Hakutanii, ila kinachoungua mle ni hesabu tupu. Chukua mche wa sabuni uukatekate vipande vidogo: ndivyo programu inavyoigawa nafasi iliyo juu ya pistoni, vipande laki kadhaa, hata milioni. Kila kipande kina joto lake, presha yake, hewa yake na mvuke wake wa petroli. Programu inakokotoa kila kimoja kinampa jirani nini na kinapokea nini, inasogeza saa kidogo mno, inakokotoa tena. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni inavuta hewa kwa milisekunde 10 tu, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Kuzikokotoa hizo 10 kunaweza kula siku nzima.

Kilichonifurahisha mimi ni matone. Nozeli, ile inayopuliza mafuta, ikipuliza mara moja, matone hayahesabiki, na hakuna kompyuta ya kuyafuata yote. Basi wanayapanga mafungu, kama nyanya za Mwanjelwa: fungu moja linasimama badala ya maelfu ya matone yenye ukubwa, kasi na joto sawa. Programu ya KIVA, ya maabara ya Los Alamos huko Marekani, inafanya hivyo tangu miaka ya 1980. Petroli yenyewe wanaichakachua kidogo: ina kemikali mamia, wao wanaweka mbili tatu, mara nyingi iso-oktani na heptani. Halafu majibu wanayalinganisha na injini ya kweli yenye dirisha la kioo.

Mpwa wako asisahau tu kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa imepungua karibu moja ya tano. Gramu moja ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa. Kabureta iliyosetiwa pwani ikifika Uyole, hapa Mbeya, petroli inaizidi hewa na inatoa moshi mweusi, na kompyuta iliyopewa hewa ya pwani itakupa injini ya pwani.

Mimi mwenyewe nilikuwa mbishi. Kuna gari lilikuwa linamisi, nikabadilisha plagi mara mbili, mwenye gari kanuna. Mwisho nikachomoa nozeli zote nne nikazipulizia ndani ya chupa tupu za maji. Tatu zilitoa ukungu. Ya nne ilitoa uzi, kama maji ya birika. Baadaye mwanafunzi mmoja akanionyesha kwenye laptopu matone makubwa yanavyolowesha kuta na kuacha masizi, nikamwambia simamisha hapo hapo: hiyo ndiyo nozeli yangu ya nne. Zile plagi bado ninazo kabatini.