Kusoma jenomu ya mhogo sio GMO

Hapana kaka, umeuliza kama kusoma jenomu ya mhogo (yaani DNA yake yote, maelekezo ya urithi) ndo GMO yenyewe (mmea uliobadilishwa vinasaba maabara), hapo umechanganya. Kusoma ni kusoma tu, hujaongeza wala kupunguza kitu kwenye mmea. Ishu kubwa kwenye kutafuta mbegu bora ni muda, mhogo unakaa shambani karibu mwaka mzima ndo ung'oe ujue mizizi ikoje, na huku magonjwa ya virusi, batobato na michirizi kahawia (huu wa michirizi uliripotiwa hapahapa Tanganyika miaka ya 1930), yanakumalizia shamba wewe bado unasubiri. Sasa watafiti wa kituo cha Namulonge Uganda na IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki) Nigeria wanachukua kipande cha jani la mche mchanga, wanasoma DNA, wanalinganisha na mihogo ambayo tabia zake zishajulikana, kompyuta inakadiria upi utafaa, halafu huo ndo unachavushwa na mwingine, ua kwa ua, kama ilivyokuwa zamani tu. Ni makadirio lakini, sio ramli, bado lazima upandwe uonekane. Ila mbegu hata iwe bora vipi, vipando vya jirani kagua kwanza, virusi vinasafiri na vijiti hivyohivyo.